Dakika Kumi na Moja za Kahawa

Kwa miezi kama mitatu hivi, kompyuta ya ofisini kwetu ilikuwa ikiamka kila asubuhi ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Na sisi tuliinunua 2010. Kwa hesabu yake, basi, ilikuwa haijafika hata dukani.

Unaiwasha, feni inalia kama mashine ya kusaga nazi, halafu skrini nyeusi inakuandikia kwamba saa haijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Unabonyeza. Dakika kumi na moja baadaye (nilizihesabu, na nitaeleza kwa nini) unafungua kivinjari, unaandika anwani ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na kivinjari kinakukatalia: cheti cha tovuti hii hakijaanza kutumika. Na hakikosei. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mtu aliye 2009 ukimwonyesha cheti cha 2024, atakwambia umekighushi.

Kijana wetu wa makaratasi alikuwa ameshajua dawa yake. Anatoa simu mfukoni, anatazama saa, anairekebisha kompyuta, anaendelea na shughuli zake. Kesho yake tena. Ilishakuwa ni sehemu ya kufungua ofisi, kama kufungua madirisha na kumwaga maji ya jana kwenye jagi. Hakuna aliyeona ajabu, nami nikiwa mmoja wao.

Ofisi yenyewe ni ya uwakala wa forodha, chumba kimoja na nusu orofa ya kwanza, pembeni mwa Moi Avenue, ambayo Ami mpaka leo huiita Kilindini Road. Ami ni ndugu mdogo wa babangu. Tuko wanne: yeye, mimi, bi mhasibu anayetoka Likoni mara tatu kwa wiki feri ikimruhusu, na huyo kijana. Kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini: magari ya mitumba, kontena za vigae, mara moja moja mashine ya kuokea mikate. Entri (tamko la mzigo kwa forodha), IDF (fomu ya kutangaza bidhaa zinazoingia nchini), kila kitu huingizwa kwenye mfumo wa KRA. Zamani ulikuwa Simba, siku hizi ni iCMS. Laptopu tunazo mbili, yangu na ya kijana. Lakini ukimsikia Ami akisema "kompyuta", ujue anasema ile moja.

Aliinunua mwaka mmoja baada ya nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, kutua hapa Mombasa mwaka 2009. Wakati huo kila ofisi ya mjini ilitaka kitu cha kuchomeka kwenye intaneti hiyo mpya. Ami akatoa shilingi 48,000 taslimu, noti juu ya noti, na hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia hadithi za Abunuwasi. Prosesa ya Core 2 Duo, RAM gigabaiti 2, diski gigabaiti 160, Windows 7. Skrini hakununua. Alisema iliyopo inatosha, na iliyopo ni ile yenye nundu mgongoni, nzito hata kuihamisha meza kunataka watu wawili.

Mzozo ulianza Ijumaa moja ya masika, 2024. Mimi nilikuwa nje na laptopu yangu, kijana naye yuko Changamwe na yake. Mteja wa vigae akampigia Ami: entri irekebishwe leo, siku za bure za stoo bandarini zinakwisha. Ami akakaa kwenye kompyuta yake. Ukurasa ukafunguka nusu. Akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena, mshale wa mausi ukaganda katikati ya skrini kama nzi kwenye asali. Akazima, akawasha, akabonyeza F1, akasubiri. Alipofika tena mahali pale, adhana ya Ijumaa ilishapita na ofisi za watu zimefungwa kwa sala. Entri ilipita Jumatatu asubuhi, kwenye laptopu yangu, kwa dakika sita. Mteja alilipishwa siku za ziada za stoo, na Ami, kwa kuwa ni mtu wa haki, akazirudisha kutoka mfukoni mwake: shilingi 9,400.

Bi mhasibu aliziandika chini ya "gharama za bandari". Nilimtazama akiandika, na hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo letu lilipo. Kompyuta mpya ina bei yake, unaiona dukani, imebandikwa. Kompyuta kuukuu nayo ina bei, ila imetawanyika kwenye vitabu vya watu wengine: kidogo kwenye stima, kidogo kwenye stoo, kidogo kwenye mishipa ya kichwa changu. Hakuna ukurasa wenye jina lake.

Nikamwambia Ami tununue nyingine.

"Hino ina nini?" akaniuliza. "Mimi niliinunua iandike ankara. Haiandiki?"

"Yaandika, Ami."

"Ilitengenezwa kuandika ankara elfu, ikifika elfu iwache?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki. Prosesa haichoki kama goti. Mashine ile ilikuwa na uwezo ule ule wa siku ilipotoka kwenye boksi, na ankara ilikuwa ikiziandika kwa mwendo ule ule. Yaliyobadilika ni mambo yanayoizunguka. Kurasa za intaneti zimenenepa. Microsoft iliacha kuwapa watu wa kawaida viraka vya usalama vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome nayo ilikomea toleo la 109 kwa watu wa Windows 7, mapema 2023. Tangu hapo kila tovuti inayotumia kitu kipya, sisi tunaiona nusunusu. Ni kama mzee aliyekaa barazani pale pale miaka yote, mji ukahama kumzunguka, halafu watu wakasema mzee amepotea njia.

Lakini Ami hashindwi kwa falsafa. Anataka hesabu. Nikanunua daftari la shilingi 30 na kwa wiki nzima nikawa naandika kila dakika kompyuta ile iliyomfanya mtu asubiri. Kuwaka: 11. Kufungua barua pepe: 4. Kuganda, kuzima na kuwasha tena: ndio hizo 11 upya. Jumamosi jioni nikajumlisha: saa 3 na dakika 40 kwa siku sita. Nikampelekea nikijiona nimeshinda kesi.

Ami akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akauliza: "Hizi kumi na moja za asubuhi umezitia?"

"Naam."

"Zitoe. Hizo huwa niko chini nakunywa kahawa."

Na ni kweli. Miaka yote hiyo Ami akifika saa mbili anabonyeza kitufe, anashuka ngazi, anakaa kwenye benchi la muuza kahawa pembeni, vikombe viwili vya kahawa chungu yenye tangawizi na kashata moja, anasikia habari za meli na za maiti, anapanda, kompyuta iko tayari. Nikatoa dakika 66. Zikabaki saa 2 na dakika 34. Bado nyingi, lakini kesi ilishapungua makali.

Nikaenda Mwembe Tayari kumtafuta fundi. Ninayemwamini ana kibanda kipana kama kabati, amezungukwa na maganda ya kompyuta mpaka darini, na ana tabia moja nzuri: hasemi bei kabla ya kufungua. Akaja ofisini jioni, akailaza kompyuta kwenye gazeti, akafungua kifuniko.

Mtu asiyeishi pwani hawezi kujua kilichomo ndani ya kompyuta ya pwani. Vumbi la bara ni vumbi, unalipuliza linaondoka. La kwetu limechanganyika na unyevu na chumvi, limekuwa kitu kama sufi ya mto iliyomwagikiwa chai, limejibana kwenye mabawa ya chuma juu ya prosesa mpaka upepo haupiti. Skrubu mbili zilikuwa zimeshika kutu, moja ikakatika kichwa. Nyuma ya feni, mahali penye joto zuri, mjusi kafiri alikuwa ametaga mayai mawili, meupe, magumu, kama tembe za dawa. Kijana akayatoa kwa kijiti na kuyaweka dirishani, sijui kwa nia gani.

Halafu fundi akakibanjua kitu cha mviringo kutoka kwenye bodi, kama sarafu ya shilingi 20. Betri ya CR2032, volti 3. Hiyo ndiyo inayoilisha saa ya kompyuta wakati stima imezimwa. Ikifa, kila unapochomoa waya kompyuta inasahau tarehe na kurudi ilikotoka. Na Ami huchomoa waya kila jioni, kwa sababu ya radi. Fundi akatia nyingine. Shilingi 100.

Akaiwasha. Haikuuliza F1. Akaizima, akachomoa, akahesabu mpaka thelathini, akaiwasha tena. Tarehe ni ya leo.

"Umeona?" Ami akanigeukia. "Mia moja. Wewe ulitaka niitupe."

Nawaambia ukweli, nilimchukia fundi kwa dakika nzima. Hakuna kinachoharibu hoja ya kubadilisha kitu kama tengenezo dogo lililofaulu. Mashine ikishatengenezwa kwa mia moja, mtu anaona itatengenezeka kwa mia moja mpaka Kiyama.

Lakini fundi alikuwa hajamaliza. Alichomeka flashi yake, akafungua programu inayosoma siha ya diski, kisha akaniita nisogee. Diski hujiwekea kumbukumbu zake: imewaka saa ngapi, imeshindwa kusoma mara ngapi, na sehemu ngapi imezikata tamaa na kuzihamisha. Yetu ilikuwa na mamia ya sehemu ilizozihamisha, na nyingine zinasubiri. Akatutaka tutege sikio. Kila baada ya muda ilikuwa ikitoa mlio mdogo, tik, tik, kama mtu anayejaribu ufunguo usiokuwa wake.

"Dada, bodi ni nzima, haina ubovu," akasema. "Hii diski ndiyo inaaga."

Bei alizotupa zilikuwa tatu. Kuitia diski ya SSD na kuongeza RAM: kama 6,000 na kazi yake. Kompyuta ya mitumba, zile zinazouzwa kwa jina la "ex-UK", yenye SSD tayari: 28,000. Mpya ya dukani: 75,000 kupanda, na VAT ya asilimia 16 humo humo. Hiyo ya tatu Ami hakuijibu. Alitazama dari.

Ya kwanza ilinivutia hata mimi, nakiri. SSD haina kisahani kinachozunguka, na kompyuta ya zamani ikitiwa SSD huwa kama mgonjwa aliyeongezwa damu. Kilichoniondoa hapo ni Windows. Hauwezi kutia diski mpya ukarudisha Windows 7 na kuingia nayo mtandaoni ambako kuna PIN (namba za kodi) na hesabu za wateja, mtu akikuibia utamlaumu nani? Windows 10 ingekubali, kwa kujikokota, lakini tarehe yake ya kuachwa ilishatangazwa: 14 Oktoba 2025. Wakati ule ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu. Windows 11 inataka kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuja juu; yetu ilizaliwa kabla ya vizazi hivyo kuanza kuhesabiwa. Fundi akataja Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, na laiti ofisi ingekuwa yangu ningeikubali pale pale. Ila bi mhasibu ana zile fomu za KRA za Excel zenye makro, zinazojikagua na kukutolea faili la kupandisha kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na amezizoea hizo kwenye Excel. Alinitazama kwa jicho ambalo sikuhitaji kuliuliza maana.

Bi mhasibu ndiye aliyetoa hesabu iliyonyamazisha watu. Siku ya pili alikuja na karatasi. "Mzee," akasema, "kwenye vitabu vyetu kompyuta hii tuliipunguza thamani asilimia 30 ya kilichobaki kila mwaka mpaka 2019. Tangu 2020 tunatumia asilimia 25. Nimeifuata mpaka mwisho wa mwaka jana." Akaiweka karatasi mezani. Imebaki shilingi 429.

"Kwa hivyo watetea shilingi mia nne na ishirini na tisa," akasema.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Ami akamjibu.

"La kuvunda halina ubani."

Wakatazamana, mimi nikatoka nje.

Fundi alitupimia na stima, kwa kidude cha kuchomeka ukutani. Kompyuta na skrini yake ya nundu zilikuwa zikila wati 130. Ile ndogo aliyotaka kutuuzia, na skrini bapa, 40. Tofauti ya wati 90, kwa saa tisa, siku 26 za mwezi, ni yuniti 21. Kwa tulivyokuwa tukilipia tokeni, shilingi 600 na kitu kila mwezi. Si pesa ya kubadilisha maisha ya mtu, ila Ami aliirudia jioni ile kwa sauti ya chini, mara mbili, kama anayejaribu jina la mtoto.

Hata hivyo hakukubali, nami nilichelewa kujua kwa nini. Nilidhani ni ubahili. Kumbe ilikuwa ni programu ya hesabu.

Programu ile iliandikwa na kijana mmoja wa hapa hapa mwaka 2010, kwa ajili ya ofisi yetu peke yake. Kijana huyo yuko Muscat sasa na ana watoto watano. CD haipo. Maelezo hayapo. Iko kwenye diski ile na hakuna pengine, na ndani yake mna kila mteja tangu siku ya kwanza: nani aliletewa nini, kwa meli gani, kalipa ngapi, kabakisha ngapi. Sheria ya kodi inatutaka kuweka vitabu miaka mitano. Ami hazungumzii miaka mitano. Kuna mtu wa 2011 aliyeondoka na shilingi 60,000 zake, na Ami ana yakini kwamba mtu huyo ataingia siku moja kupitia mlango ule, na siku hiyo Ami anataka kumfungulia ukurasa wake.

"Ami, kopi yake iko wapi?" nikauliza.

Akafungua mtoto wa meza. Akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira, ndani yake flashi ya gigabaiti 8, na kipande cha karatasi kwa mwandiko wake: Hesabu zote, 2016. Mpira ulishaoza, ukakatika mikononi mwake. Nikaichomeka flashi kwenye laptopu yangu. Ikawaka taa. Kisha laptopu ikaniuliza kama nataka kuifomati ili niweze kuitumia.

Ami akasema, "Yasemaje?"

"Yasema haina kitu, Ami."

Hakusema lolote. Alikaa akaitazama kompyuta yake pale mezani, ikitoa tik zake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliisikia. Miaka minane alilala usingizi akijua ana kopi kwenye mtoto wa meza. Baada ya muda akanyoosha mkono kuizima. Nikamshika: usiizime, nikamwambia, tusije tukaiwasha isiamke. Tukampigia fundi aje usiku ule ule.

Alichofanya fundi ni hivi, kwa lugha ninayoielewa mimi. Hakunakili mafaili, alinakili diski nzima, kila kitu kilichomo, Windows na programu na takataka, kama mtu anayepiga fotokopi ya kitabu mpaka na majalada. Nakala hiyo inaweza kufunguliwa ndani ya kompyuta nyingine kama dirisha, na ndani ya dirisha hilo kompyuta ya zamani inaamka ikiwa kamili, haijui kwamba haina mwili. Kwenye dirisha hilo akaukata mtandao. Windows 7 inaweza kuishi humo kwa amani, haiendi popote na hakuna anayeifikia. Kazi ilianza baada ya isha na diski ilikuwa ikikwama kwenye zile sehemu mbovu, inarudi, inajaribu, inakwama. Tulilala ofisini, mimi kwenye viti viwili, Ami kwenye jamvi. Alfajiri ilikuwa imemaliza. Sehemu chache hazikusomeka. Za programu ya hesabu zilisomeka zote.

Kununua kukawa rahisi baada ya hapo, tukachukua ile ya mitumba, basi nitaligusa kidogo tu, kwa wanaotaka kununua za mitumba. Kibandiko cha "i5" hakikwambii kitu. Kuna i5 za 2011 na i5 za 2018 na zote ni i5. Tazama namba inayofuata: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-2400 ni cha pili na itakurudisha hapa hapa. Usisome kibandiko, kibandiko hubandikwa na mtu yeyote; iwashe usome ndani ya mfumo wenyewe. Muombe muuzaji akuonyeshe siha ya diski mbele yako, kama fundi alivyotuonyesha. Na ukipata inayokaa wima nyuma ya skrini, mbali na sakafu, kwa mji huu utaishukuru, maana ile ya chini ya meza ndiyo inayofagiliwa vumbi lote.

Mtihani wa mwisho ulikuwa printa. Ile ya sindano, Epson LQ, inayopiga kelele mpaka ngazini. Watu huicheka, lakini karatasi zetu ni za kaboni, nakala tatu: nyeupe ya mteja, waridi ya bi mhasibu, njano ya faili. Sindano 24 zinagonga utepe na kuchapa zote tatu kwa pigo moja. Printa ya leza haigongi, inapaka juu tu. Ukitaka tatu utachapa tatu, na hapo ndipo watu hubadilisha nakala moja bila nyingine kujua. Ami ana kesi aliyoshinda kwa sababu ya karatasi ya njano. Basi printa haiendi popote. Kompyuta mpya haina lile tundu pana la printa, tukanunua waya wa kugeuza kuja USB, na siku nzima printa ikatutolea alama za mazimwi badala ya ankara. Fundi akaja akabadilisha kitu kimoja kwenye mipangilio, ikalia vile inavyolia. Sikudhani nitafurahi kusikia kelele ile.

Ganda la zamani fundi alilichukua kwa shilingi 1,500, kwa ajili ya bodi. Diski hatukumpa. Ndani yake mna nakala za vitambulisho na PIN za wateja wa miaka yote, na tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, habari za watu si kitu cha kuuza pamoja na chuma chakavu. Na hata isingekuwa sheria. Ami aliizungushia kitambaa, akaitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka kwenye sefu karibu na muhuri wa kampuni. Nakala za hesabu sasa ziko tatu: ya kwenye kompyuta, ya kwenye diski ya nje inayolala kwangu Tudor, na ya bi mhasibu, ng'ambo ya feri. Mimi ndiye ninayezijaribu, kila mwisho wa mwezi, kwa kuzifungua. Ile bahasha ya kaki nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu.

Siku ya kwanza ya kompyuta mpya, Ami alifika saa mbili. Akabonyeza kitufe. Akageuka, akashuka ngazi kwenda kwenye kahawa yake. Nilitaka kumwita, maana kabla hajafika mlangoni ilishakuwa tayari. Nilihesabu sekunde ishirini na mbili. Nikanyamaza. Vikombe viwili, kashata moja, meli, maiti. Aliporudi, skrini ilikuwa imekaa kimya muda mrefu bila mtu, ikajifunga. Nyeusi.

"Haya," akasema, akivuta kiti. "Yaonekana bado."

"Iguse mausi, Ami."

Akaigusa. Ikawaka, ikamtaka paswadi. Hakuijua paswadi. Sisi sote hatukuwa tumekumbuka kumwambia.

Tangu siku ile imewekwa isijifunge kabla ya saa nzima, jambo ambalo fundi alinilaumu nalo sana. Najua. Lakini kila asubuhi Ami hubonyeza kitufe na kushuka, na anaporudi huikuta imewaka, inamsubiri.